Binti asiyemsumbua mtu: kisa kimoja cha dalili za ADHD kutoka Temeke

Jina lake silitaji, na baadhi ya mambo ya kwao nimeyageuza ili asitambulike. Ana miaka 10, yuko darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali wilayani Temeke, Dar es Salaam. Darasani kwao wako zaidi ya 100, wakati kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mimi ni mwalimu wa ushauri na unasihi pale shuleni. Mwanzoni mwa mwaka mwalimu wa darasa lake alinipa orodha ya watoto wanaomshinda. Waliotangulia wote ni wavulana: huyu hakai kwenye dawati, yule anachokoza wenzake, mwingine anajibu swali kabla halijaisha. Binti huyu alikuwa wa mwisho, na maelezo yake yalikuwa mafupi kuliko ya wote: hamalizi kazi, huenda akarudia darasa.

Kisa chake nakiandika kwa sababu watoto wa namna yake ndio tunaowapoteza. Mtoto anayeruka madirisha atapelekwa hospitali siku moja, hata kama atakayempeleka amechoka naye. Anayekaa kimya akitazama nje anachapwa kwa kutoleta kazi, anarudia darasa, na akifika darasa la saba ameshaamini kwamba yeye ni mjinga.

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo humfanya mtoto ashindwe kuuongoza umakini wake, au ahangaike na kukurupuka kuliko wenzake wa umri uleule, au vyote pamoja. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unataja dalili 18: tisa za kukosa umakini, tisa za kuhangaika na kukurupuka. Kwa mtoto zinatakiwa zifike sita katika kundi mojawapo, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, baadhi ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zionekane mahali pawili au zaidi, ziwe zinamharibia maisha, na pasiwe na sababu nyingine inayozieleza vizuri zaidi. Mtu akisoma kundi lile la kwanza peke yake anaweza kumwona karibu kila mtoto wa Dar es Salaam humo. Masharti yanayofuata ndiyo yanayochuja.

Hata wataalamu walichelewa kumwona mtoto mkimya. Daktari George Still alipowaeleza wenzake jijini London mwaka 1902 kuhusu watoto wasiojiweza kujizuia, wengi wa watoto aliowataja walikuwa wavulana. Ilipita mpaka mwaka 1980 ndipo mwongozo huo wa Marekani ukakubali kwamba mtoto anaweza kuwa na tatizo la umakini bila utundu wowote. Mpaka leo, tafiti zinazofanywa mitaani huhesabu wavulana kama wawili kwa msichana mmoja, lakini kliniki pengo huwa kubwa zaidi, maana wasichana wengi hawafikishwi huko.

Nilianza na daftari la hisabati, na kama kuna jambo moja ningependa kila mwalimu alifanye, ni hilo. Kazi moja ilikuwa na hesabu kumi. Tarehe imeandikwa vizuri, kichwa kimepigiwa mstari kwa rula. Hesabu nne za mwanzo zote zimepata. Ya tano ilikuwa 403 kutoa 178. Yeye aliinakili ubaoni kama 430 kutoa 178, akapata 252, ambalo ni jibu sahihi kabisa la hesabu aliyoiandika. Ya sita ilikuwa 526 kutoa 219, akajumlisha, akapata 745, nalo ni sahihi kwa kujumlisha. Ya saba imeishia katikati. Tatu za mwisho hazimo, na pembeni ya ukurasa kuna michoro ya nywele zilizosukwa, mistari midogo midogo iliyopangwa kwa ustadi mkubwa.

Mwalimu alikuwa amesahihisha kwa kalamu nyekundu, nne kwa kumi, na kuandika chini: "Ongeza bidii."

Mtoto asiyejua kutoa kwa kukopa hawezi kupata 252 pale. Huyu anajua. Nilimwita nje ya ofisi ya walimu, nikazikata zile hesabu alizokosa na alizoacha, kila moja kwenye kikaratasi chake, nikampa kimoja kimoja. Alizipata zote. Alipomaliza kile cha mwisho aliniuliza kama atachapwa.

Hapo bado hujajua kitu kuhusu ADHD. Umejua tu kwamba uelewa upo na kuna kitu kinachokatika njiani. Kinaweza kuwa njaa, usingizi, macho, woga, au mambo mengine mengi.

Darasani nilikaa nyuma. Madawati yao ni ya watoto watatu watatu, kwa hiyo sikumtazama yeye peke yake. Nilikuwa namtazama yeye, kisha wale wawili alioketi nao, kisha yeye tena, kwa vipindi vilivyolingana, nikiandika nani anafanya kazi na nani hafanyi. Njia hii inasaidia sana katika shule zetu, kwa sababu joto, kelele na msongamano vinawagusa wote watatu sawasawa. Ukimtazama mtoto mmoja tu katika chumba chenye watoto mia na ushee, kila mtoto ataonekana hana umakini.

Temeke ndege hupita chini zikielekea kutua Uwanja wa Julius Nyerere. Ikipita, darasa zima linageuka, na mimi mwenyewe nageuka. Wale wawili walikuwa wanarudi kwenye daftari kabla mlio haujaisha. Yeye alibaki dirishani, kisha akashika penseli, akaikagua ncha, akaichonga, akatafuta kifutio chini ya dawati, akamuuliza mwenzake tuko namba ngapi. Akaandika mstari mmoja. Hakuwa amezungumza kwa sauti wala kunyanyuka hata mara moja, na kwa mwalimu aliyesimama mbele alikuwa mtoto mwenye adabu anayeandika.

Nilimwomba mama yake aje. Ni mama lishe, anauza chakula jirani na soko la Tandika, na muda wake ni fedha, kwa hiyo mara ya pili nikamfuata nyumbani jioni. Baba ni dereva wa malori ya masafa, yupo kwa siku chache kila mwezi. Bibi mzaa mama anaishi nao.

"Mwalimu, huyu nikimtuma dukani vitu vitatu anarudi na kimoja," mama alisema. "Nikimuuliza vingine viko wapi ananitazama kama ndiyo kwanza anasikia. Na chenji hana. Si mwizi, mwanangu namjua. Anaiacha hukohuko juu ya kaunta."

Aliendelea: sweta mbili zimepotea tangu Januari, ndala hazihesabiki, akiambiwa aoshe vyombo unavikuta nusu vimeoshwa na yeye yuko uani. Nilimuuliza ilianza lini. Alidhani ni darasa la tatu, masomo yalipokuwa magumu. Bibi, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo, akaingilia.

"Darasa la tatu la wapi? Tangu chekechea huyu. Mwalimu wake wa awali si alikuwa anamfunga leso mkononi ili akumbuke mfuko? Na wewe, mwanangu, usimseme sana mtoto. Nani alikwenda kisimani akarudi bila ndoo?"

Mama alicheka, halafu akanyamaza. ADHD hurithika sana. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika dalili hizi inatokana na vinasaba. Kauli ya bibi haikuthibitisha lolote, lakini ilitupa vitu viwili vilivyohitajika: kwamba dalili zilikuwapo zamani, na kwamba pengine zimo katika ukoo. Kadi ya kliniki ikaongeza cha tatu. Alizaliwa kabla ya siku zake, akiwa na kilo 1.9, chini ya kilo 2.5 huhesabiwa uzito pungufu, na watoto wa namna hiyo wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ADHD. Alitembea na kuzungumza kwa wakati. Hakuwahi kupata degedege.

Ushahidi wa mahali pa tatu tuliupata madrasa. Ustadhi alisema binti akisoma na wenzake kwa pamoja yuko vizuri, sauti nzuri na hifadhi nzuri. Akiitwa asome peke yake hupoteza mstari, anaruka aya, na juzuu lake huachwa nyumbani mara kwa mara. Ustadhi ana wanafunzi wachache, na alimweleza mtoto huyu kwa undani kuliko mtu mwingine yeyote niliyezungumza naye.

Swali lililorudi kila mahali, kwa mama, kwa mwalimu, hata kwa mwalimu mkuu, lilikuwa hili: mbona kwenye kusuka anatulia? Ni kweli. Anamsuka mtoto wa jirani kichwa kizima bila kunyanyuka, na mistari inatoka imenyooka. Kwao huo ulikuwa ushahidi kwamba akitaka anaweza, kwa hiyo darasani ni uvivu. Jambo hili linawaponza watoto wengi, nami nalirudia kila ninapopata nafasi. Umakini wa mtoto mwenye ADHD upo, ila yeye hana usukani wake. Kazi anayoipenda, ambayo kila dakika inampa matokeo anayoyaona na kuyashika, inamshika yenyewe. Kazi ndefu, isiyo na ladha, ambayo matokeo yake ni alama za wiki ijayo, inahitaji ajilazimishe, na hapo ndipo anapokwama. Mtoto anayeweza kusuka saa nzima na asiweze hesabu kumi anastahili kuchunguzwa zaidi, si kuadhibiwa zaidi.

Kisha tukaanza kutafuta sababu nyingine, na hapa tulikwenda polepole kwa makusudi.

Usingizi kwanza. Mama anarudi na masufuria ya biashara usiku, na binti anamsaidia kuyaosha. Analala saa tano, anaamka saa kumi na moja alfajiri. Ni saa sita. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 mpaka 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Mtoto aliyenyimwa usingizi anasahau, anazubaa, ananuna, na dalili zake ukiziweka kwenye hojaji zinafanana sana na ADHD. Simlaumu mama; biashara ile ndiyo inayolisha nyumba. Tulikubaliana bibi amlaze saa tatu, na masufuria yaoshwe asubuhi na shangazi anayekaa chumba cha pili. Walilitekeleza. Baada ya wiki kadhaa mwalimu alisema haandamwi tena na usingizi kipindi cha kwanza, na machozi ya asubuhi yamepungua. Daftari halikubadilika.

Zahanati walimpima wingi wa damu: gramu 10.4 kwa desilita, wakati kwa umri wake Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 11.5 kuwa upungufu wa damu. Alipewa madini ya chuma, na kipimo cha baadaye kilikuwa kizuri. Alipimwa pia selimundu, na hana. Kipimo hicho nakisisitiza kwa wazazi wa Tanzania, kwa sababu nchi yetu ni miongoni mwa zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na ugonjwa huo unaweza kuleta viharusi vidogo visivyoonekana ambavyo huharibu umakini bila mtoto kupooza popote. Macho yake ni mazima, masikio pia.

Kuzubaa kwake kulimpa daktari wa hospitali ya rufaa ya mkoa sababu ya kuuliza kuhusu kifafa. Kipo kifafa kisichoangusha mtu: mtoto anakatika kwa sekunde chache, macho yamekodoa au kope zinapepesa, humwiti akasikia, kisha anaendelea alipoishia kana kwamba hakuna kilichotokea. Darasani huitwa mzembe. Daktari alimpa kipande cha karatasi akimwambia akipulize kwa nguvu bila kupumzika kwa dakika tatu, kwa sababu kupumua hivyo mara nyingi humwamsha mwenye kifafa hicho palepale. Binti alipuliza, akatazama feni, akakumbushwa, akapuliza tena, akacheka, akauliza kama zimebaki nyingi. Hakukatika hata mara moja. Nami nilikuwa nimeshaandika kwamba darasani nikimgusa bega au kumwita jina anageuka mara moja. Anayeota ndoto za mchana unaweza kumrudisha. Aliye ndani ya kifafa hicho humrudishi mpaka kiishe.

Lilibaki suala la woga. Nilizungumza naye peke yake, taratibu, zaidi ya mara moja, kuhusu nyumbani, njiani, madrasa na shuleni. Hakuna aliyemgusa vibaya wala kumtesa nyumbani. Aliyemtisha ni fimbo ya darasani. Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni zinataka adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye, viboko visizidi vinne, na iandikwe kitabuni. Binti alikuwa akichapwa bila utaratibu wowote, kwa kusahau. Mtoto mwenye woga hana nafasi kichwani ya kutoa 178. Nililipeleka suala hilo kwa mwalimu mkuu, na likakomeshwa kwake. Ningependa likome kwa wote, na hilo nalisema wazi kwenye vikao vyetu. Fimbo ilipoondoka alianza kunyoosha mkono darasani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Kusahau kulibaki palepale.

Kwa hiyo tulikuwa tumeondoa usingizi, damu na woga, kila kimoja kikampunguzia mtoto mzigo wake, na chini ya vyote likabaki jambo lilelile lililoonekana nyumbani, shuleni na madrasa tangu chekechea. Kwa namna hiyo tulifika idara ya afya ya akili ya Muhimbili. Hojaji ya mama na ya mwalimu zilijazwa kila moja kivyake. Dalili saba kati ya tisa za kukosa umakini zilitajwa na wote wawili kuwa hutokea mara nyingi. Za kuhangaika zilikuwa mbili tu. Daktari alizungumza na mtoto, na mama, na mimi, akasoma madaftari, ndipo akasema ni ADHD ya upande wa kukosa umakini. Hojaji peke yake isingetosha, na hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoweza kulimaliza swali hili.

Bibi alikuwa amempeleka kusomewa dua kabla ya yote haya. Daktari alimjibu kwa heshima: dua ziendelee, ila asinyweshwe wala kufukizwa kitu ambacho hospitali haikijui. Bibi alikubali, na tangu hapo amekuwa msimamizi mkali kuliko sisi wote.

Yaliyobadilishwa ni mambo madogo. Amehamishiwa dawati la mbele mbali na dirisha, kati ya wasichana wawili watulivu. Kazi ya hesabu kumi anaifanya kwa mafungu mawili, akimaliza la kwanza anamwonyesha mwalimu. Anaambiwa jambo moja kwa wakati mmoja, na analirudia kwa mdomo wake kabla ya kwenda. Mwalimu anaweka saini kwenye daftari dogo la mawasiliano, bibi anasaini jioni, na siku zikienda vizuri anasifiwa siku ileile. Dukani anakwenda na karatasi. Mwalimu alihofia kwamba hana muda wa mtoto mmoja kati ya mia. Alichogundua ni kwamba kurudia maelekezo kwa kifupi kulisaidia dawati zima.

Kuhusu dawa, familia iliogopa mtoto asije akawa zezeta au akazoea. Daktari aliwaeleza kwamba methylphenidate, dawa inayotumika zaidi, huwasaidia watoto wengi, kwamba huweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, na kwamba kabla na baada ya kuianza hupimwa uzito, urefu, mapigo ya moyo na presha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, wenye watoto 579 waliofuatiliwa miezi 14, ulionyesha kuwa dawa inayosimamiwa kwa karibu hupunguza dalili zenyewe kuliko malezi ya kitaalamu peke yake. Hapa tumeanza na mabadiliko ya darasani na nyumbani, na uamuzi wa dawa utafanywa kwenye miadi ya Desemba. Mimi siioni dawa kuwa kushindwa. Ikihitajika, aitumie bila aibu.

Mpaka Septemba anamaliza hesabu saba au nane kati ya kumi, na alizomaliza nyingi anapata. Kusoma kifungu kirefu bado kunamshinda. Upimaji wa darasa la nne uko mbele yake, na unaweza kwenda vibaya.

Mama alimuuliza daktari, tukiwa tunaondoka, kama mtu mzima naye hupimwa. Aliambiwa ndiyo, na kwamba kuanzia miaka 17 hutosha dalili tano. Ameandikiwa tarehe yake.

Nimeandaa barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu atakayempokea darasa la tano: wapi akae, apewe kazi kwa mafungu, aulizwe kwa mdomo kabla ya kuhukumiwa kwa daftari, asichapwe kwa kusahau, na namba ya simu ya bibi. Nakala moja anayo mama, nyingine iko kwenye faili lake ofisini.